Bhangi si Tiba ya Ulevi

Imezuka hoja miongoni mwa vijana wetu vyuoni kwamba mtu aliyezama katika pombe anaweza kujinasua kwa kuvuta bhangi. Waitetezao huutaja utafiti uliochapishwa mwaka 2025 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani. Naam, utafiti huo upo, wala haufai kubezwa. Lakini ulisema nini hasa?

Walioshiriki walikuwa watu wazima ambao tayari walikunywa kupindukia na kuvuta bhangi. Walipovuta bhangi kali, walikunywa pombe pungufu kwa takriban asilimia 27 kuliko walipovuta ile isiyolevya. Kipimo hicho kilihusu saa mbili tu, tena katika maabara. Je, mwezi mmoja baadaye? Mwaka mmoja baadaye? Hayo hayakupimwa, na watafiti wenyewe hawakudai kwamba wamegundua tiba.

Nikiitazama hoja hii kiisimu, naona utata umejificha katika neno "badala". Kupunguza si kuacha, na kubadilisha si kupona. Kileo, mlevi na dawa za kulevya, yote hayo yametokana na mzizi mmoja. Kiswahili hakijali iwapo ulevi umeingia kwa bilauri au kwa moshi.

Hata hivyo, mwalimu atakayetosheka na methali ya kuruka majivu na kukanyaga moto atakuwa hajamsaidia mwanafunzi wake. Pombe nayo ni moto. Mwezi wa Novemba 2000, pombe haramu iliyotiwa methanoli iliwaua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi. Aidha, mlevi sugu anayeacha ghafla bila uangalizi wa daktari anaweza kupatwa na degedege, hata akafa. Si ajabu basi kwamba anatafuta njia nyepesi.

Njia zilizothibitishwa zipo: ushauri nasaha, na dawa za hospitali kama naltreksoni, ambayo hupunguza hamu ya kunywa. Bhangi, mbali na kumfikisha kijana mahakamani chini ya sheria ya 1994, hudhoofisha kumbukumbu, ambayo ndiyo nyenzo kuu ya mwanafunzi.

Kijana anayekiri kwamba pombe imemshinda amekwisha kupiga hatua kubwa. Tukimjibu kwa kumfukuza chuoni, tutakuwa tumemwachia nani kazi ya kumshauri? Muuza bhangi yu tayari kumsikiliza.