Wacheni Kuicheka SX-64

Picha ya Commodore SX-64 ikitokea tu, lazima mtu aangue kicheko. Ati hii ndiyo ilikuwa kompyuta ya kubebwa? Ndiyo. Mwaka 1984, kilo 10 na ushee, mkono wa kubebea kama wa sanduku la fundi, skrini ya rangi ya inchi 5, na betri hakuna. Ukifika uendako, kwanza tafuta soketi. Na bado wakaipa jina la mbwembwe, Executive 64. Hapo chekeni.

Vituko vyake si siri. Commodore 64 ya kawaida ilisoma kaseti. Hii tundu la kaseti hawakuiwekea. Juu ya draivu kuna pango tupu la draivu ya pili, ambalo watu waliishia kulijaza diski. Umeme wake wa ndani nao ni haba: ukichomeka kifaa cha kuongeza memori, hata cha Commodore wenyewe, inaweza kulemewa.

Lakini vyote hivyo utavielewa ukiwa na bisibisi na subira. Sasa wewe mwenye laptopu nyembamba kama daftari, hebu ifungue. Memori imelehemewa kwenye bodi, betri imeshikwa na gundi. Kitu kidogo kikifa, fundi anakwambia nunua ingine, na hii hujamaliza kulipia. Eti maendeleo! Muuzaji akianza kukusifia wembamba, muulize memori inaongezwa vipi. Halafu mtazame uso.