Likizo si Hisani: Siku Saba ndani ya Karavani

Agosti ya mwaka mmoja nilikaa siku saba ndani ya karavani katika mji wa pwani wa Skegness, mashariki mwa Uingereza. Karavani ninayoisema si ule msafara wa pembe na watumwa ambao wanahistoria wetu wameuandikia sana. Ni nyumba nyembamba ya bati yenye magurudumu ambayo hayajazunguka kwa miaka mingi, jiko dogo la gesi, na vyumba ambavyo mtu hugeuka ndani yake kwa hesabu. Aliyeikodi ni binamu yangu, muuguzi anayefanya kazi Leicester, pamoja na mumewe na watoto wao wawili. Mimi nilikuwa mgeni niliyepewa kochi la sebuleni.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea nizungumzie bajeti, katiba na uchaguzi. Leo nawaomba mnivumilie, kwa maana nakusudia kudai kwamba kochi lile ni suala la siasa.

Kwanza upepo. Sisi watu wa ukanda huu tuna kaskazi na kusi, pepo zenye majina na majira, ambazo nahodha aliweza kupangia safari. Upepo wa Bahari ya Kaskazini hauna adabu hiyo. Unavuma asubuhi, unavuma usiku, unatikisa ukuta wa bati hata ukadhani kuna mtu anagonga. Mwaka 1908 kampuni ya reli ya Great Northern ilitoa bango lililochorwa na John Hassall, likimwonyesha mvuvi mnene akirukaruka ufukweni kwa furaha, na ujumbe wake ulikuwa kwamba hewa ya Skegness huchangamsha mwili. Hawakuweza kuuficha upepo, wakauuza. Na watu walikuja, kutoka Nottingham, Derby na Leicester, miji ya viwanda, kwa reli iliyofika Skegness mwaka 1873.

Lakini walikuja kwa fedha ya nani? Hapo ndipo penye kisa. Katika miji ya nguo ya Lancashire, kwa mfano, viwanda vilifungwa kwa wiki moja kila mwaka, na mfanyakazi alikwenda baharini kwa akiba aliyodunduliza mwaka mzima, kwa sababu wiki hiyo haikuwa na mshahara. Kupumzika kulikuwa ni kujikata kipato. Vyama vya wafanyakazi vililipigania jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1936 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa likizo yenye malipo, wa siku sita tu za kazi kwa mwaka. Kiangazi hichohicho wafanyakazi wa Ufaransa, baada ya migomo mikubwa, walipata wiki mbili kwa sheria. Uingereza ilifuata mwaka 1938, kwa sheria dhaifu iliyoziwezesha bodi za mishahara kuweka likizo ya wiki moja bila kumlazimisha kila mwajiri. Mfanyabiashara Billy Butlin alikuwa ameusoma upepo mapema zaidi kuliko Bunge: kambi yake ya kwanza ya mapumziko ilifunguliwa mwaka 1936 Ingoldmells, jirani kabisa na Skegness. Leo ukipanda juu ya ukuta wa bahari kutoka hapo kuelekea kaskazini utaona karavani kwa maelfu, zimepangwa kama makontena bandarini.

Nilipozitazama sikuona umaridadi wowote. Niliona dereva wa basi akikaanga soseji saa tano asubuhi, bibi kizee akifuma akiwa amejifunika blanketi dhidi ya baridi ya Agosti, vijana wakicheza mpira ambao upepo uliupeleka upande wake wenyewe. Hawa si matajiri. Matajiri wa Uingereza wako Italia na Ugiriki. Hawa ni watu ambao babu zao walipigania haki ya kukaa bure wiki moja huku mshahara ukiingia.

Siku ya Jumatatu simu yangu ilianza kulia. Idara yangu ilitaka alama za mtihani zihakikiwe. Jumanne ikawa barua ya kamati. Jumatano nilikaa nyuma ya karavani, mahali ambapo mtandao ulishika, nikijibu ujumbe wa kikundi cha WhatsApp cha ofisi kwa vidole vilivyokufa ganzi. Binamu yangu akatoka na kikombe cha chai, akaniangalia kwa muda.

“Kaka, wewe uko likizo, au umehamisha ofisi?”

Nikamuuliza mbona yeye hapigiwi simu na wodi yake. Alinijibu kwamba simu ya kazi iko Leicester ndani ya droo, na kwamba mkuu wake wa zamu angeona aibu kumtafuta. Neno hilo, aibu, lilinikaa. Kwetu anayeona aibu ni yule asiyepokea.

Si kwamba hatuna sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa angalau siku 28 mfululizo za likizo, sikukuu zikiwemo, na inamkataza mwajiri kumfanyisha kazi aliye likizo. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, inatoa siku zisizopungua 21 za kazi kwa malipo kamili. Mwingereza leo ana wiki 5.6, yaani siku 28 za kazi kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, ingawa mwajiri anaweza kuzihesabu sikukuu humo. Wiki zetu nne si haba. Tatizo ni kwamba tunaziomba kama hisani, tunazitumia kwa misiba, kwa kilimo, kwa kumalizia nyumba, na tunarudi kazini tumechoka kuliko tulivyoondoka. Hata nauli ya likizo ya mtumishi wa umma hukokotolewa kwa kuangalia kwao ni wapi, kana kwamba mahali pekee pa kupumzikia ni alikozaliwa. Sina ugomvi na kwenda kijijini. Mimi mwenyewe huenda. Lakini kijijini mtu hapumziki, huwajibika. Na hapo sijamtaja machinga, mama lishe wala dereva wa bodaboda, ambao siku isiyo na kazi ni siku isiyo na chakula, sawasawa na mfumaji wa Lancashire wa karne ya 19.

Halafu kuna bahari yenyewe. Skegness ufuko uko wazi. Unapita na ndoo yako, hakuna mlinzi anayekuuliza unakaa hoteli gani. Sheria yetu ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nendeni Mbezi au Msasani mkazitafute mita hizo. Mtazikuta nyuma ya ukuta. Mkazi wa Dar es Salaam asiye na fedha ya kiingilio amebakiziwa Coco Beach na sehemu chache nyingine, na ni juu ya raia kuuliza, mtaa kwa mtaa, nani alitoa vibali vya kuta hizo.

Nisiwapake Waingereza mafuta. Mume wa binamu yangu aliwahi kufikiria kununua karavani, akaacha. Unanunua bati, ardhi inabaki ya mwenye eneo. Kila mwaka unamlipa ada ya kiwanja, ada hupanda, thamani ya bati hushuka, na likizeeka unaweza kuambiwa uliondoe. Haki iliyopatikana kwa mgomo inaweza kurudishwa sokoni kwa mkataba wa kurasa nyingi.

Jumamosi tulitakiwa kuondoka saa nne asubuhi. Familia nyingine ilikuwa tayari imeegesha gari langoni ikisubiri funguo.

Mwaka huu nimejaza fomu ya likizo mapema. Kwenye anwani nimeandika Bagamoyo, si kwetu. Kwenye namba ya simu nikaweka mstari. Afisa utumishi amenirudishia fomu, kwa adabu kabisa, akiniomba niikamilishe.