TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI: TIMU YETU ISIUZWE KWA BUTURA



Simu zetu hazitulii. Kila kijiwe, kuanzia Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda na Isingiro, habari ni moja: Karagwe na Kyerwa ziwe na timu ya wachezaji wa kulipwa, iingie Ligi ya Mkoa, ipande. Wengi mmeuliza tawi linasemaje. Tunasema hivi: timu tunaitaka, na tumechelewa. Lakini njia mbili zinazopigiwa debe tunazipinga mchana kweupe.

Njia ya kwanza ni ya wanaosema tusihangaike na madaraja ya chini, atafutwe mwenye fedha anunue nafasi ya timu iliyoko juu, tuibadilishe jina, kazi imekwisha. Ndugu, hiyo ni butura. Hakuna mwana Karagwe asiyeijua butura. Unauza kahawa ikiwa ua, unapewa vijisenti vya ada ya shule, na siku ya mavuno unasimama pembeni ya shamba lako mwenyewe ukitazama mwingine akipakia magunia. Timu ya kununuliwa ni hivyo hivyo. Tutashangilia ua, mavuno ataondoka nayo mwenye karatasi.

Anayedhani tunatisha watu aangalie Mbarali. Novemba 2022 Ihefu iliifunga Yanga mabao 2-1 na kukatisha mwendo wa michezo 49 ya ligi bila kupoteza. Nchi nzima ikajua Mbarali iko wapi. Leo itafuteni hiyo Ihefu. Ilihamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Na hao Singida nao wameonja: walikuwa na Singida Big Stars, ikageuka Singida Fountain Gate, kisha ikawa Fountain Gate ya Babati. Sheria haikuwalinda mashabiki, kwa sababu shabiki hana hisa. Ana koo la kupigia kelele tu.

Njia ya pili inatukera zaidi, maana imevaa nguo ya uzalendo. Ni hoja kwamba kila kilo ya kahawa ya maganda ikatwe kiasi kidogo, "hela ndogo tu", kwa ajili ya timu. Nani ameulizwa? Mkulima wa Kaisho au wa Nyaishozi amepiga kelele miaka mingi kuhusu makato, mpaka yakaanza kusikika Dodoma. Leo tumrudishie kato jipya kwa mlango wa nyuma kwa kuwa lina jezi? Kama kahawa itachangia, na sisi tungependa ichangie, basi hoja ipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kila AMCOS, isomwe kiasi gani, kwa misimu mingapi, na nani atakagua hesabu, kisha wanachama wanyooshe mikono. AMCOS itakayokataa isikatwe hata senti.

Msitusikie vibaya kuhusu wafadhili. Mwenye duka, mwenye mabasi, kampuni, karibuni, jina lenu likae kifuani mwa jezi. Lisikae kwenye cheti cha usajili. Tena tunalisema hili tukijua linawagusa na wa kwetu: wapo wanasiasa, wa chama hiki na vingine, ambao kila ukikaribia uchaguzi wanagawa mipira na jezi zenye picha zao, kura zikishahesabiwa mpira ukipasuka hapatikani wa kuuziba. Diwani wetu akitaka kuwa mwenyekiti wa timu, agombee uenyekiti huo kama mwanachama mwingine wa klabu, na kadi ya klabu ainunue.

Kuna wanaotujibu kwamba bila mkubwa hakuna timu, wanataja Namungo. Mfano mzuri. Ruangwa ni wilaya ya wakulima kama sisi, na timu yao ilipanda Ligi Kuu 2019, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF 2020, kisha ikacheza makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ni kweli pia kwamba Ruangwa ni nyumbani kwa Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo. Sisi Waziri Mkuu hatuna. Tuna kahawa, na tuna watu wengi.

Na tusitegemee kiwanda cha jirani. Kagera Sugar imetupa raha miaka mingi pale Kaitaba, tunaishukuru. Msimu wa 2024/25 ikashuka daraja, mkoa mzima ukabaki bila timu Ligi Kuu. Mkoa mkubwa hivi ulikuwa umeegemea nguzo moja!

Wengine wameanza kugombania jina, iwe ya Karagwe au ya Kyerwa. Kyerwa ilipokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, KDCU haikupasuliwa. Kahawa ya Murongo na ya Bugene bado zinaingia chama kikuu kimoja. Kama magunia yameweza kukaa pamoja, vijana kumi na mmoja hawatashindwa.

Vijana wenyewe wapo. Wanacheza kila Jumapili viwanja vya shule kugombea mbuzi, wanavunjika miguu bila hata bandeji. Tuanzie hapo. Klabu ya wanachama wenye kadi, yenye katiba, isajiliwe kwa Msajili wa Vyama vya Michezo. Icheze ligi ya wilaya, ipate haki ya Ligi ya Mkoa uwanjani, halafu Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Mchezaji alipwe kidogo lakini kwa mkataba wa maandishi na kwa tarehe, maana kumwita kijana "wa kulipwa" kisha kumlipa ahadi ni wizi. Itachukua miaka. Mbuni nao huchukua miaka.

Tunachoomba sasa: kila balozi wa shina akusanye maoni ya watu wake kabla ya kikao cha tawi, na wanachama wetu walio kwenye AMCOS wakatae kusaini karatasi yoyote ya makato ambayo haikupita mkutano mkuu. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo, ipige picha uitume kwa katibu wa tawi siku hiyo hiyo. Sambaza kwa wanachama.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi