Kijana anapouliza "lau": visa vya zama zijazo na malezi yetu



Mambo mengi yanayoletwa mbele ya kamati za misikiti hapa Arusha ni ya ndoa, mirathi na ada za madrasa. Safari hii tumeletewa daftari. Mzazi mmoja amegundua kuwa binti yake wa kidato cha tatu, kila amalizapo masomo ya usiku, huandika visa vya kubuni kuhusu miaka ijayo: mitambo inayofikiri, safari za angani, na mji wetu utakavyokuwa miaka hamsini mbele. Kimoja kinamhusu babu aliyefariki, ambaye wajukuu zake wametengeneza mtambo unaoiga sauti yake. Siku moja sauti ile inaanza kugawa shamba la Ngaramtoni, na ndugu wanagawanyika.

Mzazi anauliza mawili. Je, kuandika habari za kesho si kudai elimu ya ghaibu? Na je, kutunga kisa kisichotokea si uongo? Akijibiwa ndiyo, yuko tayari kulichoma daftari. Kwa kuwa tunajua nyumba nyingi zina kijana wa aina hii, tumeona tujibu hadharani.

Kuhusu ghaibu, elimu hiyo ni ya Allah peke yake, na mwenye kudai kuwa anaijua amepotoka. Lakini mtunzi hadai. Mpiga ramli husema "itakuwa", akataka aaminiwe na alipwe. Mtunzi husema "lau ingekuwa", akataka tufikiri. Aya ya nane ya Surat An-Nahl inazungumzia vipando, na wafasiri wengi wa zama hizi wanapoifikia hueleza kuwa imeacha mlango wazi kwa vyombo ambavyo watu wa zama zile hawakuvijua. Kufikiria yasiyokuwapo bado si kugombana na kadari.

Kuhusu uongo, kisa ambacho msomaji anajua tangu mwanzo kuwa kimebuniwa hakimdanganyi mtu. Wanazuoni wetu walikitumia chombo hiki. Katika karne ya 12, Ibn Tufayl, daktari na mwanafalsafa wa Andalusia, alitunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu, akachunguza maumbile hatua kwa hatua hadi akatambua kuwa yupo Muumba. Karne iliyofuata Ibn an-Nafis, tabibu aliyeeleza jinsi damu inavyopita mapafuni, naye alitunga kisa cha namna hiyo. Katika Kiswahili, Shaaban Robert alitupa mwaka 1951 riwaya ya Kusadikika, nchi inayoelea hewani, ili tutazame dhuluma za nchi zilizo ardhini. Mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya alichapisha Walenisi, ambamo Dzombo anapakiwa katika chombo cha angani kama adhabu ya kifo, naye akafika ulimwengu mwingine wenye uadilifu.

Tena swali la "lau" halikuanza na riwaya. Katika Hadith aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa An-Nawwas bin Sam'an, Mtume (S.A.W) aliwaeleza Masahaba juu ya siku ya Dajjal itakayokuwa ndefu kama mwaka. Wao waliuliza mara moja: je, sala za siku moja zitatosha siku hiyo? Wakaelekezwa wakadirie nyakati zake. Tazama walivyoisikia habari ya ajabu ya zama zijazo, na swali lao la kwanza likawa la wajibu. Jibu lile likawa hazina. Wanazuoni wamelitegemea kuhusu watu wa nchi za karibu na ncha za dunia, ambako jua huweza kukaa wiki nyingi bila kuzama.

Oktoba 2007, ndani ya Ramadhani, daktari Mwislamu kutoka Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alirushwa kutoka Baikonur kwenda kituo cha kimataifa cha angani, chombo kinachoizunguka dunia takriban mara 16 kwa siku. Angesali sala tano kwa kila mzunguko? Wanazuoni wa nchi yake walikuwa wamekwisha kukaa na wataalamu wa anga na kuandika mwongozo: nyakati za sala zifuate saa za mahali aliporushwa, kibla kielekezwe Al-Kaaba kadiri awezavyo, asipoweza aielekee dunia, na asipoweza hilo aelekee popote, na saumu aweza kuilipa akirejea. Lau hakuna aliyeuliza mapema, yule bwana angefika huko na fadhaa yake.

Sasa turejee kwenye sauti ya babu. Leo hii kompyuta za akili mnemba zinaiga sauti ya mtu kwa namna ya kumhadaa hata mwanawe. Binti huyu ameuliza jambo ambalo kadhi na masheikh wataulizwa: sauti ya namna hiyo ikitoa talaka au wasia, ina uzito gani? Katika daftari lake, shangazi anasimama na kuwakumbusha ndugu kuwa wasia haupiti theluthi ya mali, wala hauendi kwa mrithi, ila kwa ridhaa ya warithi wengine. Basi hata ingethibiti kuwa wasia ule ni wa babu mwenyewe, mafungu ya mirathi yangebaki palepale. Ni somo la faraidhi ambalo vijana wengi husinzia wakifundishwa darasani.

Kwa hiyo tulimshauri mzazi alirudishe daftari, na alisome pamoja na bintiye.

Kwa vijana wengine wenye hamu hiyo, tunaomba mambo matatu. Kwanza, sala na masomo visicheleweshwe kwa ajili ya kalamu. Pili, sayansi iwe ya kweli. Anayeandika juu ya anga ajifunze kwanza hesabu na fizikia. Tatu, waandike kwa Kiswahili, na waanzie hapa tulipo.

Maana hapa hapana uhaba wa maswali. Miamba ya volkano ya Mlima Meru imetia madini ya floraidi katika maji yetu, na sote tunawajua watoto wa Maji ya Chai na vitongoji vyake wenye meno ya kahawia. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimetumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuyapunguza madini hayo. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, alishinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya uhandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mifupa nayo ina mas'ala yake: madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu, huuhesabu mfupa wa mnyama asiyechinjwa kisharia kuwa najisi, ilhali ya Imam Abu Hanifa huuhesabu tohara. Kijana akitunga kisa cha kitongoji chenye chujio la mifupa karibu na msikiti, atalazimika kumuuliza mhandisi na sheikh kwa pamoja.

Wazazi, mkikuta daftari la namna hii, lisomeni kabla ya kulihukumu, kisha mwulizeni mtoto: ikiwa hivyo, sisi tungewajibika nini? Na vijana wenye visa vyao, sisi wa kamati tutawapokea kila Jumamosi baada ya Alasiri, inshaallah, tuvisome mbele ya ustadhi na mwalimu wa sayansi.

Wabillahi tawfiq.