Posho ya miezi sita kwa mchoraji wa Ilula

KUTOKA NYANDA ZA JUU
Na Zawadi Kikoti

Ukishuka basi Ilula, kabla hujayafikia matenga ya nyanya utaona kibanda cha kinyozi. Ukutani zimechorwa sura tatu za wanaume, kila moja na mtindo wake wa kunyoa. Sogea karibu utazame kivuli nyuma ya sikio: kimepitishwa kwa brashi iliyopunguzwa kwa wembe. Kijana aliyezichora ana mkono. Lakini msimu wa nyanya ukifika anafunika makopo ya rangi, anakwenda kupakia matenga kwenye Fuso, maana huko ujira ni wa jioni ileile.

Nilimuuliza kwa nini haombi ufadhili wa wasanii chipukizi. Akanionyesha fomu kwenye simu, yote Kiingereza, inataka picha za kazi na maelezo marefu. Kazi zake ziko kwenye kuta za watu, na nyingine zimeshapakwa chokaa.

Nafasi Art Space, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2008, imewapa wachoraji studio na mafunzo, nami naiheshimu. Ila kutoka Ilula ni zaidi ya kilomita 400, na ukifika utalala wapi? Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao unatoa mikopo. Mkopo unamfaa mwenye kazi inayouzika. Anayejifunza atapeleka marejesho ya mchoro ambao bado hajauchora?

Anayejifunza anahitaji muda. Mchoraji Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisomea uchoraji Makerere, kisha shule ya sanaa ya Slade, London. Mwaka 1960 jumba la sanaa la MoMA la New York lilipata mchoro wake wa wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Habari ni ya kwao Uchagani. Shule ilimpa miaka ya kukaa na brashi. Edward Tingatinga hakuipata miaka hiyo. Alianza kuchora karibu mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli, akafariki 1972. Wapo wanaomtaja kuthibitisha kwamba kipaji hujisimamia chenyewe. Mimi nahesabu miaka minne, nasikitika.

Halmashauri ya Kilolo, ambamo Ilula imo, inakusanya ushuru wa mazao. Itenge humo posho ya miezi sita kwa wachoraji wawili kila mwaka, isiyo na marejesho, pamoja na rangi na chumba. Fomu iwe ya Kiswahili, ipokelewe ofisi ya kata, na mkaguzi aende kuzitazama kuta mwenyewe. Waheshimiwa madiwani, naombeni hili liingie kwenye bajeti ijayo.