Kosa la Karani Lisimnyime Mwananchi Uraia

Katika Garissa, Wajir na Mandera kalamu ya karani imepata nguvu kushinda hukumu ya hakimu. Hukumu ina rufaa. Alichoandika karani hakipatiwi hata maelezo.

Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991. Wakenya wengi waliobanwa na ukame walikwenda huko kutafuta chakula na matibabu, nao wakaandikishwa kuwa wakimbizi. Baadhi yao walikuwa watoto waliopelekwa na wazazi. Baadaye alama zao za vidole zikaingizwa katika kompyuta. Walipotimiza miaka 18 na kuomba kitambulisho, waliambiwa kwamba wao ni wageni.

Kuanzia usaili wa Wakenya Wasomali wa mwaka 1989 na kadi zake za rangi ya waridi, daftari la Serikali limetumiwa huku kumtilia mwananchi shaka. Mwaka 2010 matokeo ya sensa ya 2009 yalifutwa katika wilaya nane, tano zikiwa za Kaskazini Mashariki, kwa hoja kwamba watu wamezidi.

Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuondolewa kwa usaili. Ni hatua njema, lakini haifuti alama ya kidole iliyokwisha kuingizwa daftarini.

Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 yampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo zinazomdhuru. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yaikazia haki hiyo. Basi twadai mambo matatu. Kwanza, kila ingizo lilinganishwe na hati za asili na afisa wa pili, asiye yule aliyeliandika. Pili, kosa likipatikana, karani aonyeshwe na kufundishwa. Asiyeonyeshwa kosa lake leo atalirudia kesho, na gharama italipwa na mchungaji wa Liboi. Tatu, mwananchi asomewe kilichoandikwa, kwa lugha aielewayo, kabla ya kutia kidole.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Asiye na kitambulisho hajiandikishi kupiga kura, na pasipo kura vyama vingi ni jina tupu. Mwulize mbunge wako: ni nani anayeikagua kazi ya karani?