Ng'ombe Anakonda, Cheti Chasema Hana Minyoo



Juma lililopita, baada ya darsa ya alasiri, mama mmoja wa Chamazi alinisubiri nje ya msikiti. Anajua kwamba kabla ya kuandika safu hii nilikuwa bwana mifugo. Alinyoosha karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo mzee. Ng'ombe wangu kachomwa sindano ya minyoo mara mbili, na hapa wameandika hana minyoo. Mbona maziwa yanakatika?"

Kwa maziwa hayo hulipa ada za wajukuu watatu walioachwa na marehemu mwanawe. Nilimuuliza swali moja tu: majani ya kuwalisha yanatoka wapi? Akajibu kuwa kijana wake huyakata bondeni, kando ya Mto Kizinga.

Hapo ndipo nilipowashuku minyoo bapa wa ini. Hawa wana umbo la jani, na aina iliyozoeleka katika kanda zetu za joto, ambayo wataalamu huiita Fasciola gigantica, aweza kufikia sentimita 7 kwa urefu. Mayai hutoka na kinyesi na kuanguliwa majini, na vijidudu vyake huingia ndani ya konokono wadogo wa maji baridi. Wakitoka humo hujishikiza kwenye majani ya ukingoni, wakamsubiri mnyama. Kwa hiyo ng'ombe asiyetoka zizini maisha yake yote aweza kuugua, kwa kuwa bonde huletwa kwake kwa baiskeli. Majani yaliyoanikwa juani hadi kukauka barabara yana hatari ndogo zaidi.

Dalili ni kukonda, manyoya kusimama, ndani ya kope kupauka, maziwa kupungua, na pengine uvimbe laini chini ya taya. Lakini tusijidanganye: minyoo wa tumboni nao huleta uvimbe huo huo, na nagana nayo hukondesha. Jicho peke yake halitoshi.

Basi kwa nini cheti kilisema hana minyoo? Yamkini maabara haikukosea. Ilijibu swali iliyoulizwa. Kipimo cha kawaida huchanganya kinyesi na maji yaliyokolea chumvi ili mayai ya minyoo wa tumboni yaelee juu. Mayai ya minyoo wa ini ni mazito, hubaki chini na kumwagwa. Yatakikana kipimo cha kutuamisha: kinyesi huvurugwa katika maji matupu, huchujwa, huachwa kitulie, maji ya juu humwagwa, na kazi hiyo hurudiwa mpaka maji yawe meupe. Kinachobaki chini ndicho kinachotazamwa kwa hadubini. Mayai yenyewe ni makubwa, ya rangi ya manjano. Mtaalamu asiye makini aweza kuyachanganya na ya minyoo bapa wa tumbo la kwanza, ambayo ni meupe zaidi. Kwa hiyo ukipeleka sampuli, tamka wazi: natafuta minyoo wa ini.

Hata kipimo hicho kina mipaka. Minyoo wachanga hutoboa ini kwa takriban miezi mitatu hadi minne kabla ya kuanza kutaga. Muda huo mnyama anaumia, na kinyesi hakina yai hata moja. Tena mayai hukaa kwenye nyongo na kutoka kwa vipindi. Pima wanyama kadhaa wa zizi moja, kwa kinyesi kibichi, kisha rudia baada ya majuma machache. Kipo pia kipimo cha damu, ila chaweza kuonyesha ugonjwa uliokwisha kupita.

Na ile sindano? Ilikuwa aivamektini, dawa njema kwa minyoo wengine, ila haiwaui hawa. Albendazo kwa kipimo kikubwa zaidi huua waliokomaa tu. Triklabendazo huwafikia hata wachanga. Mimba, uzito wa mnyama na siku za kutokunywa maziwa yake lazima vizingatiwe na daktari wa mifugo. Msikadirie kwa kijiko cha chai.

Kipimo cha hakika kuliko vyote hupatikana baada ya kuchinja. Tunaposhirikiana saba kuchinja ng'ombe wa udhiya, wengi wetu hutazama mafuta na mapaja. Mwiteni mkaguzi wa nyama alipasue ini. Mirija ya nyongo ikiwa minene na migumu kama bomba, na minyoo bapa ndani yake, ini hilo halifai kuliwa, na kama mnyama ni wa zizi lenu, wenzake nao wapimwe. Binadamu hapati ugonjwa huu kwa kula ini lililopikwa. Huupata kwa kutafuna mbichi mboga zilizoota majini, au kwa kunywa maji ya bondeni yasiyochemshwa. Kina mama wanaonunua mboga za mabondeni walizingatie hilo.

Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania upo hapa hapa Temeke. Mama yule amekwenda Jumatatu na makopo matatu, kila moja limeandikwa jina la ng'ombe wake. Mtamba mwenye mimba tumekubaliana asipewe dawa yoyote hadi majibu yatoke, na kijana ameambiwa akate majani ya mlimani, ingawa amenung'unika kuwa ni mbali.